Gichin Funakoshi, baba aliyefundisha karate pamoja na mwanawe

Wababa wa Mavivi wanaofunga mkanda wa karate pamoja na watoto wao wamjue Gichin Funakoshi. Alizaliwa Okinawa, Japani, mwaka 1868, mtoto dhaifu. Karate ikamtia nguvu. Kazi yake ilikuwa ualimu wa shule ya msingi. Kunako 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha mchezo huo, akabaki kuufundisha.

Mwanawe Gigo alishikwa na kifua kikuu angali mdogo. Alianza mazoezi akiwa na miaka 12, akawa mwalimu kando ya baba yake na kuongeza mateke ya juu. Karate haikumponya, lakini iliwapa wawili hao kazi moja, na hilo si dogo.

Gigo alikufa 1945, mwaka ule mabomu yalipoteketeza ukumbi wao, Shotokan. Mzee alifariki 1957, mwenye miaka 88.