Tom Campbell Black: rubani wa jeshi la majini aliyefungua anga ya Kenya

Sisi watu wa pwani neno rubani tulikuwa nalo kabla ya ndege kuvumbuliwa. Rubani ni yule anayejua mkondo ulipo na mwamba ulipo, anayepanda melini na kuiongoza mpaka iingie Kilindini salama. Ndege zilipokuja, neno letu la baharini likapanda nazo juu.

Nalikumbuka neno hili kila ninapowaona vijana wetu huku Kitale na Bungoma, ambako watu wengi wa pwani tumefika kwa kazi na biashara, wameinamia simu wakitazama ndege za kivita zikitua juu ya manowari katikati ya bahari. Hubishana nani ametua mara nyingi zaidi. Jibu linajulikana. Ni Eric Brown, Mskoti wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetua melini mara 2,407 na kufariki mwaka 2016 akiwa na miaka 97. Hakuna aliyeifikia hesabu hiyo.

Kazi hiyo si mchezo. Uwanja wenyewe ni mfupi, unatembea, na unapanda na kushuka na mawimbi. Ndege hushuka ikiwa na kulabu mkiani, kulabu inase waya uliotandazwa juu ya meli, ndipo isimame. Ikikosa waya, rubani aondoke tena kwa nguvu zote au aishie majini. Wa kwanza kutua juu ya meli iliyokuwa ikienda alikuwa Edwin Dunning, mzaliwa wa Afrika Kusini, tarehe 2 Agosti 1917. Siku tano baadaye alirudia, ndege ikachupa ubavuni mwa meli, akafa maji.

Jeshi lililomlea Dunning, tawi la ndege la jeshi la majini la Uingereza, ndilo lililomfunza pia mtu ninayetaka kumsimulia leo. Yeye hakumbukwi kwa kutua juu ya meli. Anakumbukwa kwa sababu alikuja kuishi Kenya, na usafiri wa ndege tulio nao leo umepitia mikononi mwake.

Tom Campbell Black alizaliwa Brighton, Uingereza, Desemba 1899. Alijiunga na tawi hilo akiwa kijana mdogo wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, na tarehe 1 Aprili 1918 tawi lilipounganishwa na lile la jeshi la nchi kavu likawa jeshi moja la anga, naye akaingia humo. Vita vilipokwisha, yeye na nduguye Frank walikuja Kenya kulima, wakakaa Rongai katika Bonde la Ufa. Tusifiche kuwa ardhi waliyopewa walowezi wakati ule ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa.

Kilimo hakikumtoa angani. Mwaka 1925 iliteremshwa bandarini Mombasa ndege ndogo ya kampuni ya de Havilland, imefika kwa meli kama mzigo mwingine wowote. Aliyeiagiza ni mlowezi John Carberry. Ikapewa jina la Miss Kenya. Mwaka 1928 Campbell Black na wenzake wawili waliinunua, na mwaka huohuo ikawa ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya. Ndege hiyo ingali hai mpaka leo katika jumba la makumbusho la Shuttleworth, Uingereza, na huruka. Ndege ya kwanza katika daftari la nchi yetu, iliyoingilia mlango wetu, sisi hatunayo.

Wakati huo safari ndizo zilizokuwa tabu kubwa ya nchi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, lakini aliyetoka Mombasa alilala njiani, na mvua ikinyesha huku Trans Nzoia barabara ziligeuka tope. Campbell Black aliona kwamba nchi ya namna hii ndiyo inayohitaji ndege. Akampata mtu wa kumsikiliza: Bi Florence Kerr Wilson, mjane wa mlowezi, mwenye mali na moyo wa kuthubutu. Mwishoni mwa Julai 1929 wakaanzisha kampuni ya Wilson Airways, wakianza na ndege ndogo moja aina ya Gipsy Moth. Mama alitoa fedha, yeye akatoa ujuzi.

Kampuni ilikua. Ilibeba barua, abiria na wagonjwa, na katika miaka ya 1930 ndege zake zilishuka mpaka Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Wewe unayepanda ndege Wilson kwenda Lamu, au kuja huku Kitale, jina la kiwanja hicho ni la mama huyo. Jina la rubani wake halikuandikwa popote pale.

Mwaka 1931 alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko rekodi zake zote. Ernst Udet, Mjerumani aliyetungua ndege 62 katika Vita Kuu, alikuwa amekuja Afrika Mashariki kupiga filamu. Akirudi kwao kupitia Sudan, ndege yake ilimshinda, akakwama pamoja na fundi wake katika mabwawa ya mto Nile, hapana njia wala msaada. Campbell Black akapita, akawaona, akatua, akawasaidia. Miaka 13 nyuma yake wawili hawa walikuwa maadui wa pande mbili za vita, na mmoja wao alifunzwa kurusha ndege ili apigane na watu kama mwenzake. Katika bwawa lile hakuuliza yule ni nani. Mabaharia wetu wanaijua sheria hiyo: anayezama huokolewa kwanza, jina lake huulizwa baadaye.

Mwaka 1932 aliiacha kampuni akarudi Uingereza kuwa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness. Huko ndiko jina lake lilikokwenda dunia nzima. Tarehe 20 Oktoba 1934 ndege 20 ziliondoka Mildenhall, Uingereza, kushindania kufika Melbourne, Australia, na zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 10,000. Campbell Black alikuwa na mwenzake Charles Scott katika ndege nyekundu ya injini mbili. Walipita Baghdad, Allahabad na Singapore wakipokezana usukani. Walipokuwa juu ya bahari wakielekea Darwin injini moja ikaanza kuwaletea matatizo, wakafika hivyo hivyo. Walitua Melbourne baada ya saa 71, wa kwanza kuliko wote. Meli ya abiria wakati ule ilichukua zaidi ya mwezi kwa safari hiyo.

Si kila safari ilifaulu. Mwaka 1935 akijaribu kuvunja rekodi ya kwenda Cape Town, ndege ilimharibikia juu ya Sudan, nchi ileile alikomwokoa Udet. Yeye na mwenzake wakaruka kwa parachuti, wakapona.

Lakini kabla hajaondoka Kenya alikuwa ameshaacha kitu. Alimfundisha kurusha ndege binti aliyekulia Njoro, mfunzaji wa farasi aitwaye Beryl Markham. Alimfundisha kusoma upepo, kuamini dira, na kutua mahali pasipo kiwanja. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliondoka Uingereza peke yake, akavuka bahari ya Atlantiki kwenda magharibi, dhidi ya upepo, kwa zaidi ya saa 21. Injini ilipokosa mafuta alitua kwenye bwawa la matope Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege imezama, mwenyewe mzima. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuruka peke yake kutoka Uingereza mpaka upande wa pili.

Siku 15 baada ya hapo mwalimu wake alifariki. Ilikuwa tarehe 19 Septemba 1936, uwanja wa Speke, Liverpool, akijitayarisha kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Alikuwa ndani ya ndege yake mpya, ardhini, hajaruka bado. Ndege ya jeshi iliyokuwa imetoka kutua ikamgonga, na rafadha yake, lile panga la mbele, ikamfikia alipokaa. Alikuwa na miaka 36. Mtu aliyepita juu ya bahari, majangwa na mabwawa, mauti yake yalimngoja juu ya nyasi za kiwanja. Sisi tunaamini ajali haina kinga, na hakuna ajuaye udongo wake uko wapi. Mashindano yale alikuja kuyashinda Scott, mwenzake wa Melbourne, akiwa na rubani mwingine.

Vijana wanaohesabu mara ngapi mtu ametua wanahesabu kitu cha kweli, lakini hesabu hiyo huishia kwa mwenyewe. Saa 71 za Campbell Black ni za kuandikwa vitabuni tu. Aliyemfundisha ndiye aliyevuka Atlantiki, na kazi aliyoianzisha na Bi Wilson ndiyo iliyowazoesha watu wa nchi hii kusafiri kwa ndege.

Na hapa pana deni ambalo hakulilipa. Elimu ile ilizunguka baina ya walowezi wenyewe kwa wenyewe. Kijana wa Mombasa au wa Bungoma mwaka 1930 angeweza kufyeka kiwanja na kubeba mizigo ya abiria, lakini usukani hakupewa. Ni vipaji vingapi vilipotea kwa kunyimwa mwalimu, hatutajua.

Tusiwalaumu walowezi tu, maana nasi tuna mlango wetu tulioufunga. Tuna manahodha wanaosoma nyota, mafundi wa majahazi wa Lamu wanaopima mbao kwa jicho, marubani wa kweli wa mikondo yetu, na wengi wao hawamfundishi mtu asiye mtoto wao. Mtoto naye amekwenda kuendesha bodaboda. Mzee anapozikwa, ujuzi unazikwa naye. Mwenye ujuzi na amtafute kijana mmoja, wa mtaa wake au wa mbali, amkabidhi usukani angali hai wa kumsahihisha.