Omondi wa Shungimbili

Kwenye timu ya chuo wananiita Omondi, na wengi wananiuliza kama mimi ni Mjaluo. Hapana jamani. Mimi ni mtu wa Mafia, Bweni kabisa. Jina hilo nilipewa na baba mkubwa, tena hakunipa kwa kunisifia.

Enzi hizo wavuvi wa kwetu walikuwa bado wanapiga dago Shungimbili, kile kisiwa kidogo upande wa kaskazini-magharibi, kabla hakijafanywa hifadhi ya bahari. Maji yakishatoka, mchanga unabaki mgumu kama sakafu, basi tunacheza chandimu wakubwa kwa wadogo. Mimi nilikuwa namba nane. Kila nikizidisha chenga, baba mkubwa ananifokea kwa jina la Omondi. Nilidhani ni tusi la Kiganda. Kwa namna fulani lilikuwa tusi kweli, maana mzee ni Simba wa damu, na mwaka 1978 Simba ilipoteza fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati kule Kampala, kwa matuta, baada ya sare ya bila kufungana. Waliochukua kombe ni KCC, timu ya Halmashauri ya Jiji la Kampala. KCC ya akina Philip Omondi.

Huyu Omondi alizaliwa mwaka 1957. Alikuwa kijana mdogo tu KCC ilipochukua ubingwa wa Uganda mwaka 1976 na tena 1977. Alikuwa mtu wa kuchezea mbele ya viungo, anakokota, anatoa pasi, halafu anafunga kama mshambuliaji. Uganda ya miaka hiyo ilikuwa moto. Kombe la Chalenji la 1976 walilichukua hapahapa Zanzibar.

Ila mwezi wa kukumbukwa ni Machi 1978, Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana. Uganda waliifunga Kongo 3-1, wakafungwa na Tunisia 3-1, halafu wakaifumua Morocco 3-0. Morocco hao ndio walikuwa mabingwa watetezi! Nusu fainali wakakutana na Nigeria wakashinda 2-1, na bao la ushindi alilifunga Omondi. Fainali wenyeji Ghana wakawatuliza 2-0. Hata hivyo Omondi alimaliza na mabao 3, akalingana na Opoku Afriyie wa Ghana na Segun Odegbami wa Nigeria kileleni mwa wafungaji. Hapo ana miaka ishirini na ushee, umri wetu sisi tunaohangaika na sup.

Miezi saba baadaye majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka yakaingia Kagera.

Baba mkubwa alikwenda vita hiyo. Alitoka kwenye ngalawa akaenda mpaka Kampala, mji ulioanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ya vita hasemi. Ukimuuliza ameona nini Kampala atakwambia habari za mpira, kwamba alipofika mle mjini alikuwa anamuwaza yule kijana wa KCC yuko wapi na kama yu mzima. Nilipokuwa mdogo niliona ni kichekesho, mtu ameshika bunduki anamuwaza kiungo. Sasa hivi sicheki.

Omondi alikuwa mzima. Akaenda zake Sharjah, Falme za Kiarabu, kucheza kule, kama walivyokwenda kutafuta riziki ndugu zetu wengi wa pwani. Kuna wanaopenda kusema kwamba zama za Amin zilikuwa nzuri kwa mpira wa Uganda. Mimi hapo nakataa. Uganda haikurudi tena Kombe la Mataifa ya Afrika mpaka mwaka 2017 kule Gabon, miaka 39! Na sisi tusiwacheke, maana tulicheza Lagos mwaka 1980, tukarudi 2019. Piga hesabu mwenyewe, ni 39 vilevile. Mfungaji bora wa Afrika hakuipeleka tena nchi yake kwenye mashindano yale.

Baadaye alirudi nyumbani akawa kocha wa KCC ileile. Alifariki mwaka 1999. Uwanja wa klabu pale Lugogo unaitwa kwa jina lake.

Likizo iliyopita nilimweleza baba mkubwa haya yote. Alikuwa hajui kama Omondi ameshakufa. Akaniuliza alikuwa na umri gani, nikamwambia hata miaka 43 hakufika. Akanyamaza kidogo, akasema yeye anamzidi, kisha akavuta nyavu yake akaendelea kushona. Jioni tulikwenda uwanjani, nikapiga chenga mbili tatu mbele yake makusudi. Safari hii hakufoka.