Howard Florey na Dawa Iliyokwisha

Howard Florey alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Adelaide, nchi ya Australia. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha viatu. Howard alisomea udaktari mjini kwao, na kwa kuwa alikuwa na bidii akachaguliwa kwenda kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 1935 akawa profesa wa elimu ya maradhi katika chuo kile kile.

Siku zile mtu aliweza kufa kwa jambo dogo. Mkwaruzo mmoja ulitosha kuwa mlango wa vijidudu vya maradhi. Navyo vikiingia katika damu, mwili wote ulijaa usaha na homa. Dawa zilikuwa chache, wala hazikufaa kila mara.

Mwaka 1928 Alexander Fleming, daktari wa London, alikuwa ameona jambo la ajabu. Ukungu, mfano wa ule uotao juu ya mkate uliokaa siku nyingi, uliota katika kisahani alimokuwa akifuga vijidudu, na vijidudu vilivyokuwa karibu nao vikafa. Dawa iliyotoka katika ukungu huo akaiita penisilini. Lakini hakuweza kuitenga ikawa safi, na kwa miaka mingi watu wachache tu waliishughulikia.

Florey akaianza kazi hiyo tena, pamoja na Ernst Chain, mtaalamu aliyekuwa ameihama nchi yake ya Ujerumani, na Norman Heatley, mtu hodari wa kubuni vyombo. Tarehe 25 Mei 1940 wakawatia panya wanane vijidudu vya kuua. Wanne wakapigwa sindano za penisilini, wanne wakaachwa. Heatley akakesha akiwaangalia. Kabla ya mapambazuko wale wanne walioachwa walikuwa wamekufa wote; wale waliopewa dawa walikuwa wazima.

Lakini mwili wa mtu ni mkubwa mara elfu kadha kuliko wa panya, na vita vilikuwa vimepamba moto, hata viwanda vya Uingereza havikuwa na nafasi. Basi wakaotesha ukungu katika vyombo vya choo vya wagonjwa na katika vyombo vya udongo alivyovibuni Heatley. Wasichana wakaajiriwa kuutunza. Kazi ya miezi ikatoa unga wa kujaza vijiko vichache tu.

Katika hospitali ya Oxford palikuwa na askari polisi mmoja, mwenye umri wa miaka 43. Kidonda cha usoni kilikuwa kimemwenea kichwani, jicho lake moja limekwisha kutolewa, na vijidudu vimefika mapafuni. Tarehe 12 Februari 1941 akaanza kupigwa sindano za penisilini. Dawa hiyo haikuweza kunywewa, kwa sababu uchungu wa tumboni huiharibu. Tena figo huitoa upesi pamoja na mkojo, kwa hiyo ilimpasa kupewa tena na tena, kila baada ya saa tatu.

Siku ya pili homa ilianza kushuka. Usaha ukapungua, akataka chakula. Lakini dawa ilikuwa inakwisha. Mkojo wake ukakusanywa, ukachukuliwa kwa baiskeli, dawa iliyokuwamo ikatolewa ili apigwe tena. Hata hivyo, baada ya siku tano haikubaki hata chembe. Vijidudu vilivyosalia vikaongezeka upya, na tarehe 15 Machi yule askari akafa.

Florey akaona kwamba dawa ni njema, ila ni kidogo. Wagonjwa waliofuata wengi wao walikuwa watoto, kwa kuwa mwili mdogo hauhitaji dawa nyingi. Kisha, mwaka ule ule wa 1941, akasafiri na Heatley mpaka Marekani kutafuta msaada. Katika mji wa Peoria wataalamu wakaulisha ukungu maji yaliyolowekewa mahindi, ukatoa dawa nyingi zaidi. Baadaye wakapata katika tikiti lililooza ukungu mwingine uliopita ule wa kwanza. Mwaka 1943 Florey alikwenda Afrika ya Kaskazini kuwatibu askari waliojeruhiwa, na mwaka 1944 viwanda vilikuwa vikitoa dawa ya kuwatosha majeruhi wengi.

Mwaka 1945 Florey, Chain na Fleming walipewa Tuzo ya Nobel. Florey alifariki mwaka 1968.

Muuguzi amwamshapo mgonjwa usiku ili ampige sindano kwa saa yake, hata kama homa imekwisha kushuka, hafanyi hivyo kumwudhi. Yule askari wa Oxford alishuka homa, akala, akapata nguvu. Lakini dawa yake ilikoma kabla ya vijidudu kwisha. Kupata nafuu si kupona.