John Kennedy: Rais aliyeishi kwa homoni za kumeza

Julai 1963, Mwalimu Nyerere alipokelewa Ikulu ya Marekani na Rais John Kennedy. Ukitazama picha za Kennedy za miaka ile unamwona mwanamume wa umri wa miaka 46, mcheshi, mwenye ngozi ya rangi ya shaba kama mtu aliyetoka kuota jua pwani. Ni wachache waliojua kwamba alikuwa hai kwa sababu ya dawa za homoni alizotumia kila siku, na kwamba huenda hata ile rangi ya ngozi ilitokana na ugonjwa.

Alizaliwa 1917 Brookline, karibu na Boston, mtoto wa pili kati ya tisa. Utoto wake ulikuwa wa kuingia na kutoka hospitali: tumbo, homa, kukonda, na madaktari wasiopata jibu. Hata hivyo alikwenda vitani, na mwaka 1943 alinusurika boti yake ilipogongwa na meli ya Wajapani katika Bahari ya Pasifiki. Miaka mitatu baadaye alichaguliwa kuwa mbunge.

Mwaka 1947, akiwa London, alianguka. Presha ilikuwa chini, hana nguvu, anatapika. Daktari wa huko aligundua ugonjwa wa Addison, yaani tezi za adrenali zimeshindwa kazi. Alirudishwa Marekani kwa meli akiwa taabani, akapewa mpako wa wagonjwa kama Mkatoliki anayekaribia kufa. Magazeti yaliambiwa ni malaria aliyoipata vitani. Kumbe hata huko malaria husingiziwa.

Tezi za adrenali ni mbili, zimekaa juu ya figo, kila moja ina uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi. Hutengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha na sukari ya damu na kuuwezesha mwili kuvumilia ugonjwa, jeraha au upasuaji. Mwili hauna ghala la kotisoli. Huitengeneza kadiri inavyohitajika, nyingi alfajiri, kidogo usiku wa manane, na huongeza mara kadhaa ukipata homa kali.

Anayepima ni ubongo. Fikiria tangi la maji lenye boya: maji yakishuka, boya linashuka na bomba linafunguka, tangi likijaa, boya linapanda na kufunga. Kotisoli ikipungua, ubongo huiamuru tezi ya pituitari, ndogo kama mbaazi, chini yake, nayo hutuma homoni ya kuziamuru adrenali zifanye kazi. Kotisoli ikitosha, amri hupungua. Kwa Kennedy amri zilitumwa lakini hakuna aliyeitikia, kwa hiyo ziliongezwa bila kikomo. Homoni hiyo ya amri ikizidi hufanya ngozi kuwa nyeusi zaidi, hasa kwenye mikunjo ya viganja, fizi na makovu. Kwetu sisi weusi dalili hii hupita kwa urahisi bila kuonekana, ndiyo maana fizi zitazamwe.

Kwanza aliwekewa vidonge vya homoni chini ya ngozi ya paja. Kotisoni ilipopatikana, karibu na 1950, akaanza kuitumia. Ndiyo iliyomwokoa, lakini boya sasa lilikuwa mkononi mwake na mwa madaktari wake. Oktoba 1954 alifanyiwa upasuaji wa mgongo New York, jambo la hatari kubwa kwa mtu ambaye mwili wake hauwezi kujiongezea kotisoli. Akapata maambukizi, akapoteza fahamu, akapewa mpako tena. Mwaka uliofuata jarida la upasuaji lilieleza kisa cha mgonjwa wa miaka 37 mwenye Addison, bila jina. Alikuwa yeye.

Hapa ndipo kisa hiki kinapowahusu watu wengi kuliko wenye Addison. Mtoto aliyepewa prednisoloni kwa wiki kadhaa kwa ajili ya figo au pumu, au mtu anayejipaka kwa muda mrefu krimu kali za steroidi ili awe mweupe, huujaza mwili kwa homoni ya nje. Ubongo huona tangi limejaa, hunyamaza, na adrenali husinyaa. Ukiacha ghafla, tangi linakauka na bomba limeshika kutu. Ndiyo sababu daktari hupunguza dozi kidogo kidogo. Mzazi asimkatishe mtoto dawa kwa kuwa uso umevimba, arudi kliniki. Mgonjwa wa namna hii akitapika mfululizo, akilegea au kuzimia, apelekwe hospitali mara moja na dawa zake zionyeshwe. Akipata homa, dozi huongezwa kwa maelekezo ya daktari.

Katika kampeni za 1960 wapinzani walisema Kennedy ana Addison. Kambi yake ilikanusha kwa maneno ya kuchagua. Naelewa siasa, lakini kwa mgonjwa huu si mfano wa kufuata: mwenye ugonjwa huu anapaswa kubeba kadi inayousema. Alikuwa pia na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, na dada yake Eunice alipata Addison, mambo yanayoonyesha kwamba huenda kinga ya mwili wake ndiyo iliyoshambulia tezi zake. Kwetu kifua kikuu nacho huziharibu adrenali.

Novemba 22, 1963, alipigwa risasi Dallas. Katika chumba cha dharura cha Hospitali ya Parkland madaktari walihangaika na pumzi na damu. Daktari wa Ikulu, George Burkley, akiwa miongoni mwa wachache waliojua, aliwapa haidrokotisoni miligramu 300 wamchome. Jeraha la kichwa lilikuwa kubwa mno. Saa 7 mchana alitangazwa kuwa amefariki.