Dawa ya Deni ni Kulipa: Maisha ya Mwalimu Nyerere na Gharama ya Elimu ya Juu



Katika mkutano wetu uliopita hapa Rujewa tulibishana sana juu ya jambo moja. Mwenzetu alitoa pendekezo kwamba tuanzishe mfuko wa kuwasaidia vijana waliopitia shule yetu ambao wanapata nafasi ya chuo kikuu lakini hawana uwezo. Kwamba shida ipo, hakuna aliyekataa. Ubishi ulianza tulipofika kwenye namna ya kuutumia mfuko huo. Wengine walitaka fedha zitolewe bure, kwa kuwa elimu ni haki ya kila raia. Wengine walitaka ziwe mkopo wa kurudishwa shilingi kwa shilingi, kwa kuwa cha bure hakina mtunzaji. Jua likazama, wali ukaletwa, tukala, tukaagana bila uamuzi.

Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya gazeti hili, nikamchagua hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua kwamba habari zake kila mmoja wetu alifundishwa. Lakini ubishi wetu ule Mwalimu aliuishi tangu ujana wake mpaka uzee: kwanza akiwa mwanafunzi anayelipiwa na wengine, kisha akiwa mwalimu wa watoto wa wengine, na mwisho akiwa Rais wa nchi iliyotakiwa kulipa.

Mtoto aliyelipiwa

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, katika mkoa unaoitwa leo Mara. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake ni Bibi Mugaya. Ingawa alikuwa mtoto wa chifu, alikua akichunga mifugo na kulima kama watoto wengine wa kijiji. Husimuliwa kwamba Chifu Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake, ndiye aliyeuona wepesi wa akili ya kijana huyo akashauri apelekwe shule. Basi mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, akakaa bweni.

Kutoka hapo alipanda kidaraja baada ya kidaraja. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, ambako alipata stashahada ya ualimu mwaka 1945. Kabla hajafika Makerere, mwaka 1942, baba yake alikuwa amefariki dunia. Alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's, na mwaka 1949 akapata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kwa fedha za masomo za serikali ya kikoloni. Alirudi nyumbani mwaka 1952 na shahada ya M.A.

Naomba tusimame hapo kidogo. Katika safari hiyo yote, ni nani aliyelipa? Shule ya Tabora iliendeshwa na serikali, na sehemu ya mapato ya serikali ile ilikuwa kodi ya kichwa. Mkulima wa Uzanaki, mfugaji wa Usangu, mkata katani wa Tanga, wote walitozwa, na walio wengi kati yao hawakupata kumwona mtoto wao hata mmoja akivuka mlango wa Tabora wala Makerere. Mwalimu aliliona jambo hilo mapema, na nadhani halikumtoka moyoni tena. Alipokuwa akifundisha Pugu, chama cha TANU kikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, yeye akiwa Rais wake. Mwaka uliofuata alitakiwa achague kati ya siasa na ualimu, akaacha kazi yenye mshahara wa uhakika na kurudi kwa wale waliokuwa wamemlipia.

Chuo ndani ya jengo la chama

Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wasomi wake wa shahada walikuwa wachache mno. Kwa hesabu aliyopenda kuitoa Mwalimu mwenyewe, nchi nzima ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Hata hivyo yeye na wenzake hawakungoja mpaka fedha zipatikane. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika hata 15. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa, Mwalimu akiwa Mkuu wake wa kwanza.

Katika miaka hiyo Serikali ilibeba mzigo wote. Mwaka 1964 ada ya masomo ilifutwa katika shule za sekondari. Kwa wale wa chuo kikuu, Serikali ililipia masomo, chakula na malazi, na mwanafunzi aliyelipiwa aliwajibika kulitumikia taifa kwa miaka mitano baada ya kuhitimu. Mwalimu alieleza maana ya mpango huo kwa mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki, wanampa kijana mmoja mwenye nguvu ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea chakula. Kijana huyo akila asirudi, amewaibia waliobaki na njaa.

Oktoba 1966

Mfano huo ulitiwa katika mizani upesi. Mwaka 1966 Serikali ilitaka wahitimu wa vyuo na kidato cha sita wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, na miezi 18 katika kazi zao za kawaida wakipokea sehemu tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa Mlimani, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Walilalamika kwamba masharti ni magumu, na kwamba viongozi wanaowahubiria kujinyima wao wenyewe wanakula mishahara minono. Mabango mengine yalifika hata kusema kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Lakini katika saa ile ile alikubali kwamba hoja yao kuhusu mishahara ilikuwa na ukweli, akaanza na yeye mwenyewe: akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi likafuata andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni.

Sisemi kwamba Mwalimu hakukosea siku ile. Kumfukuza kijana kwa sababu amesema ni adhabu nzito, na wapo waliobaki na kovu. Hata hivyo nakiri kwamba sijapata kuona mara nyingi mkubwa akidai mdogo alipe deni, naye akatangulia kulipa la kwake.

Fedha ni zile zile

Katika Elimu ya Kujitegemea Mwalimu aliweka hesabu wazi mbele ya wananchi. Zaidi ya asilimia 20 ya matumizi ya kawaida ya Serikali yalikwenda kwenye elimu, na bado katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi ni kama 13 tu waliopata nafasi ya sekondari. Kila shilingi iliyokwenda Mlimani ni shilingi ambayo haikwenda kwenye darasa la kwanza. Uamuzi wake ulikuwa kuwatanguliza walio wengi. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo Novemba 1977; na likaagiza pia kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza apite JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, na apate sifa njema kutoka kwa mwajiri wake na tawi la chama.

Mpango huo ulikuwa na matatizo yake. Wasichana waliumizwa na kungoja kule, ikabidi wapewe ruhusa ya kuendelea moja kwa moja. Na elimu ya juu, ingawa ilikuwa bure, ilibaki ya wachache. Vijana mnaosoma habari hizi mjue hivyo, maana mara nyingi sisi wakubwa tunawasifia enzi za elimu ya bure bila kuwaambia kwamba mlango wenyewe ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano.

Kisha zikaja shida: bei ya mafuta, ukame, vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Hazina ikakauka. Bajeti ya 1984 ilirudisha ada katika shule za sekondari, Mwalimu akiwa bado Ikulu. Aliondoka madarakani Novemba 1985. Mwaka 1992 ukaanza utaratibu wa wazazi na wanafunzi kuchangia gharama za elimu ya juu, na Mwalimu aliushuhudia akiwa mstaafu kule Butiama. Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake.

Deni letu

Yaliyofuata tumeyaishi wenyewe. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ikaanza kazi Julai 2005, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokopeshwa mwanzoni kabisa. Vyuo navyo vimetusogelea: mwaka 2005 Mkwawa, Iringa, ikawa chuo kikuu kishiriki cha elimu, na Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 2012. Mwaka 2016 makato ya marejesho yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara, tukanung'unika. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ikafutwa, tukashukuru. Siku nilipomaliza makato yangu nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba sasa sidaiwi na mtu.

Nilikosea. Nauli yangu ya kwenda Dar es Salaam ilitoka kwenye magunia ya mpunga ambayo baba aliyauza kabla bei haijapanda. Na katika dawati langu hapa shuleni alikaa mwenzangu aliyenishinda hisabati kila muhula. Naye alipata nafasi ya chuo kikuu. Fedha za kuanzia hazikupatikana, akabaki. Leo analima mpunga kwa trekta la mkono la kukodi, na binti yake yuko kidato cha nne katika shule yetu hii. Kila mavuno ushuru wa mazao yake unaingia katika fungu la umma, fungu lile lile linalolipa mshahara wangu. Makato yangu yamekwisha; kwake yeye bado sijalipa kitu.

Ndiyo maana nimeyapitia maisha ya Mwalimu. Hakuamini kwamba elimu ya juu ni zawadi ya kula na kusahau. Wala hakuamini kwamba ni bidhaa ambayo asiye na fedha aikose. Kwake ilikuwa deni, na mdai wake ni yule aliyebaki kijijini.

Kwa hiyo natoa rai kwa mkutano ujao. Mfuko uanzishwe. Kijana asiye na uwezo apewe nauli, godoro na fedha ya kuanzia muhula, yaani vile vitu vidogo vinavyomkwamisha mtu kabla mkopo haujafika. Asidaiwe riba, asitiwe sahihi mbele ya wakili. Aandikwe tu jina lake katika daftari la shule, na akishapata kazi amlipie mwingine aliyetoka hapa, naye aandikwe chini yake. Asiyepata kazi asisumbuliwe. Sisi tulio na mishahara tutangulie, kama Mwalimu alivyotangulia mwaka 1966, na majina yetu yawe ya kwanza katika daftari hilo, yakiwa majina ya wadaiwa.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Binti wa mwenzangu anamaliza kidato cha nne mwaka huu, na miaka miwili ya kidato cha tano na sita si mingi. Tukutane mapema safari hii, tuamue kabla wali haujaletwa.