Usiache Mbachao: Maisha ya Eugène Atget na Kamera Yake ya Mbao

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi tumezoea kuyachunguza maisha ya watunzi wa maneno: malenga, manju, waandishi wa riwaya na tamthilia. Ni nadra mtu aliyetumia mwanga badala ya wino kupewa nafasi. Makala haya yanadhamiria kuufuata mwendo wa maisha ya Mfaransa Eugène Atget, aliyeupiga picha mji wa Paris kwa takriban miaka 30 kwa kutumia kamera kubwa ya mbao, ilhali watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kamera nyepesi za kushikwa mkononi. Sambamba na maisha hayo, tutaitazama ala yenyewe, namna ilivyofanya kazi, na jinsi kamera za aina yake zinavyokarabatiwa zinapochakaa. Sababu ya kuviambatanisha viwili hivi ni kwamba swali linalomkabili fundi aliyeshika kamera kuukuu ndilo lililowakabili waliorithi kazi za Atget, na ndilo linalotukabili sisi tunaoshughulikia miswada ya kale. Kitu cha kale kikitiwa mikononi mwako, urekebishe nini na uache nini?

Utoto, bahari na jukwaa

Atget alizaliwa tarehe 12 Februari 1857 katika mji mdogo wa Libourne, karibu na Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Wazazi wote wawili walifariki Atget angali mtoto, akalelewa na babu na bibi yake. Alipopata nguvu za ujana alijiunga na mabaharia, lakini bahari haikuwa makao yake. Moyo wake ulikuwa kwenye tamthilia.

Mnamo 1879, baada ya jaribio la kwanza kutofua dafu, alikubaliwa katika chuo mashuhuri cha sanaa za maonyesho mjini Paris. Wakati huo huo alikuwa akitumikia jeshi, na haja ya kuwatumikia mabwana wawili ilimponza: mwaka wa 1881 aliondolewa chuoni kabla ya kuhitimu. Hata hivyo hakukata tamaa. Alijiunga na vikundi vya waigizaji waliozunguka vitongojini na mikoani, akipewa nafasi za wahusika wadogo. Katika maisha hayo ya kuhamahama ndimo alimokutana, mwaka wa 1886, na mwigizaji Valentine Compagnon, aliyekuja kuwa mwenzi wake hadi mauti yalipowatenganisha. Mwaka uliofuata ugonjwa wa koo ulimnyang'anya sauti ya jukwaani. Mwigizaji bila sauti ni sawa na mvuvi bila wavu. Akalazimika kutafuta riziki kwingine.

Alijaribu uchoraji, akaona hauna mkate. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alishika kamera, na kufikia miaka ya 1890 alikuwa ametundika kibao mlangoni pake kuwajulisha wapita njia kwamba huuza picha za kuwasaidia wasanii: picha za miti, maua, wanyama na majengo, ambazo wachoraji wangezitumia kama vielelezo. Ifahamike kwamba hakujiita msanii. Kwa maoni yake, alichouza kilikuwa ni hati.

Ala na fundi wake

Kamera aliyoichagua Atget ilikuwa sanduku la mbao lenye sehemu mbili: mbele ubao ulioshika lenzi ya kioo na shaba, nyuma fremu ya kupokea kioo cha negativu chenye ukubwa wa sentimita 18 kwa 24. Sehemu hizo ziliunganishwa na mvukuto wa ngozi uliokunjamana, mfano wa ule wa mhunzi, uliowezesha lenzi kusogezwa mbele au nyuma. Mpiga picha aliisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akaitazama taswira ikijitokeza kichwa chini miguu juu kwenye kioo chenye ukungu. Iliporidhisha, aliondoa kioo hicho, akaweka mahali pake kioo kilichopakwa dawa ya fedha, kisha akafungua lenzi kwa sekunde kadhaa. Mzigo mzima, pamoja na vioo na miguu, unakadiriwa kukaribia kilo 20. Mzee huyu aliubeba mtaa kwa mtaa, mara nyingi alfajiri, kabla magari na watu hawajajaa njiani.

Alikuwa na njia nyingine, kwani kamera ya Kodak ya kutumia filamu ya kuviringishwa iliingia sokoni 1888, na Leica ndogo iliuzwa kuanzia 1925. Kipya kinyemi, wahenga walinena, lakini Atget hakuuacha mbachao wake kwa msala upitao. Uamuzi huo haukuwa wa ukaidi mtupu. Kioo kikubwa kilinasa kila jiwe la ukuta na kila herufi ya kibao cha duka. Aidha, picha ilichapishwa kwa kulalia kioo chenyewe juu ya karatasi na kuianika juani, hivyo ikatoka kwa ukubwa ule ule bila kupoteza hata unywele.

Kamera za namna hii zina sifa moja ambayo nyingi za leo hazina: zinaweza kutengenezwa na fundi mwenye subira. Adui wa kwanza ni tundu kwenye mvukuto. Ngozi ikizeeka hupasuka penye pembe za mikunjo, na tundu dogo kama ncha ya sindano hupitisha mwanga wa kuharibu picha nzima. Fundi huingia chumba cha giza, akaweka taa ndani ya mvukuto, na matundu yakajitokeza kama nyota. Machache huzibwa kwa kiraka chembamba na gundi. Yakizidi, mvukuto mpya hushonwa kwa kitambaa cheusi na kadi za kushikilia mikunjo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Adui wa pili ni kioo chenye ukungu kilichobadilishwa kwa pupa. Kioo hicho sharti kikae mahali hasa kitakapokaa kioo cha negativu. Kikipishana nacho hata kwa nusu milimita, kilichoonekana dhahiri kwa macho kinaweza kutoka na ukungu pichani.

Viungo vya mbao vilivyolegea hudai busara zaidi. Fundi mwema huvirudisha kwa gundi ya ngozi za wanyama, ile iliyotumiwa na maseremala wa zamani, kwa kuwa hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Gundi za kisasa zina nguvu kuliko hiyo, lakini zikikauka hazirudi nyuma, na fundi ajaye atalazimika kuvunja mbao. Kanuni ya kazi hii, basi, ni kutengeneza kwa namna ambayo mwingine ataweza kutengua. Tuiweke kanuni hii akibani.

Mji unaotoweka

Kati ya 1853 na 1870 sehemu kubwa za Paris kongwe zilikuwa zimebomolewa ili kupisha barabara pana, na ubomoaji haukukoma hapo. Kufikia 1897 hofu ya kupoteza yaliyosalia ilikuwa imepamba moto, hata baraza la mji likaunda tume ya kuchunguza Paris ya kale. Atget aligeuza kamera yake huko. Alipiga nyua, ngazi, vitasa vya milango, chemchemi, makanisa na vichochoro. Alipiga pia wachuuzi: muuza vikapu, mnoa visu, mpiga kinanda cha barabarani, watu ambao riziki zao zilikuwa zinamezwa na maduka makubwa. Alitoka nje ya mji kwenda kwenye bustani za Versailles na Saint-Cloud, akaufikia ukingo wa mji walikoishi waokota takataka. Kila kioo alikipa nambari na kukiweka katika kundi lake. Wanunuzi wake wakuu walikuwa makumbusho na maktaba, ikiwemo maktaba ya taifa.

Hapa mwanafunzi wa fasihi atafaidika kwa tukio moja. Mnamo 1910 Atget aliandaa albamu ya vyumba vya wakazi wa Paris wa matabaka mbalimbali. Watafiti wamekuja kugundua kwamba vyumba kadhaa vilivyodaiwa kuwa vya watu tofauti vilikuwa vya nyumba yake mwenyewe. Mtu aliyesisitiza kwamba anauza hati tupu alikuwa, kumbe, bado mwigizaji. Jukwaa lilimfukuza, naye akalihamishia sebuleni.

Uzee

Vita Vikuu vya Kwanza vilikaribia kuisimamisha kazi yake, na vioo vyake akavihifadhi chini ya ardhi kwa kuhofia mabomu. Mwaka wa 1920, akiwa na umri wa miaka 63 na bila mrithi, aliiandikia idara ya serikali ya sanaa akieleza hofu yake kwamba mkusanyo huo ungeangukia mikononi mwa watu wasioijua thamani yake. Serikali ilinunua vioo 2,621 kwa faranga 10,000. Fedha hizo zilimpa uhuru wa kurudi bustanini kupiga alichokipenda. Chakula chake kwa miaka mingi kilikuwa mkate, maziwa na sukari, kwani aliamini vingine ni sumu.

Katika mtaa wake aliishi Mmarekani Man Ray, msanii wa kundi la wasurrealisti. Kundi hilo liliona katika mitaa mitupu ya Atget ndoto ambazo mwenyewe hakudai kuziota. Juni 1926 walitumia picha yake ya umati ukitazama kupatwa kwa jua mwaka wa 1912 kwenye jalada la jarida lao. Atget aliwaomba wasiliandike jina lake. Mwezi huo huo Valentine alifariki. Atget naye alimfuata tarehe 4 Agosti 1927.

Baada ya kifo

Muda mfupi kabla ya kifo hicho, msichana Mmarekani, Berenice Abbott, aliyewahi kuwa msaidizi wa Man Ray, alikuwa amempiga Atget picha. Alipompelekea picha zenyewe alipata habari kwamba mzee ameaga dunia. Mwaka uliofuata alinunua kutoka kwa rafiki wa marehemu vioo zaidi ya 1,000 pamoja na maelfu ya picha, akavipeleka New York, na kwa miaka 40 akavitangaza hadi jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la mji huo liliponunua mkusanyo huo mwaka wa 1968. Yeye mwenyewe alishika kamera kubwa na kuipiga picha New York ikibomolewa na kujengwa upya.

Hapa ndipo swali letu linaporudi. Abbott alichapisha baadhi ya picha kutoka vioo vya Atget kwa karatasi za zama zake. Zilitoka na weusi na weupe wa wazi, ilhali za Atget, zilizoiva juani na kutiwa dhahabu, zina rangi ya kahawia na vivuli laini. Kadhalika, picha nyingi za Atget zina pembe nyeusi kwa juu, kwa kuwa aliinua lenzi kupita mipaka yake ili anase paa za majumba. Kingoni mwake huonekana alama za vishikizo vya kioo. Ni rahisi kuzikata pembe hizo ili picha ipendeze. Lakini ukizikata umefuta alama ya mkono wa fundi na ya ala aliyoipenda.

Hitimisho

Sisi wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa undani. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, zingepotea lau Mwalimu Sikujua hangezikusanya kutoka vinywani mwa watu na kumsaidia William Taylor kuzihifadhi, kabla ya William Hichens kuzitoa kitabuni mwaka wa 1940. Mwalimu Sikujua kwa Muyaka ni kama Abbott kwa Atget. Kila anayeuhariri mswada wa kale ni fundi aliyekaa mbele ya mvukuto uliotoboka. Lahaja ya mtunzi inaweza kuonekana kosa kwa mhariri wa leo, kama pembe nyeusi za Atget. Mhariri akilisahihisha neno kimyakimya, ametumia gundi isiyotenguka. Akilisahihisha na kuonyesha lilivyokuwa, amemwachia ajaye njia ya kurudi.

Atget hakuacha shule wala nadharia. Aliacha vioo vyenye nambari, vilivyopangwa vizuri, na woga wa mtu asiye na mrithi. Vioo hivyo vilinusurika kwa sababu msichana mmoja alipanda ngazi kupeleka picha, akakuta mwenyewe hayupo, lakini hakurudi nyumbani mikono mitupu.