Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyejijengea jina kwa visa

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Alitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, akivinadi kwa kuimba. Wateja walimtambua kwa sauti kabla hajafika. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza taarabu na kuimba visa vya kweli, vikiwemo vya wanyonge walioonewa. Wapinzani walimcheka kwa asili yake ya shamba. Alijibu kwa wimbo uliosema hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950.

Somo hilo linamfaa pia mkulima wa mbaazi wa Bagara, mjini Babati. Amweleze mnunuzi shamba lake, mbegu yake na anavyokausha. Ila aseme kweli: mteja akigundua uongo, harudi.